Bajeti ya Ngozi

Kijiwe cha kahawa cha Tandika kilikuwa kimeshamaliza mpira na siasa Sharobaro alipotoa simu na kuizungusha kwa kila mmoja. Ziwa la kijani, juu mlimani, ukungu umelifunika nusu.

"Ngozi, Mbeya. Nani anakuja?"

"Ya ng'ombe au ya mbuzi?" akauliza Fundi Viatu bila kuinua kichwa.

Mjuaji akasogeza kikombe. Hilo ni shimo la volkano iliyoporomoka katika milima ya Uporoto, akafafanua, likajaa maji zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake kama kilomita mbili na nusu. Ukisimama ukingoni, eti unaona umbo la ramani ya Afrika.

"Wewe ulifika lini?"

"Nilipita barabara ya chini. Na lori."

Bahili alikuwa ameshachana kasha la sigara apate pa kuandikia. "Nauli ya Mbeya, kilomita 800 na ushee, kwenda kutazama ramani ya Afrika? Ipo kwenye daftari la mwanangu."

Mzee Reli, mstaafu aliyeiona TAZARA ikikabidhiwa mwaka 1976, akawakumbusha kwamba wakati wake mtu alikwenda Mbeya kwa treni, akila kuku wake taratibu huku twiga wa Selous wakimtazama dirishani. Wakamwitikia "ndiyo mzee" na kurudi kwenye basi, kwa kuwa hesabu yote ya safari hii imelala kwenye nauli ya kwenda na kurudi. Ukishafika, gari la Tukuyu linakushusha njia panda; kinachobaki ni kiingilio, mwongozaji wa kijijini na miguu yako.

"Mnapanga safari ya kwetu, mimi mnaninyamazia?" Mama Chapati akageuza chapati. "Machi na Aprili msithubutu. Tukuyu mvua hainyeshi, inahamia. Nendeni Agosti, na makoti. Kula msihofu: mbalaga, viazi, mtindi, vyote vya bei ya shamba."

"Na kuogelea, mama?" Sharobaro alikuwa ameshanunua kaptura ya maua.

"Kuogelea Ngozi? Kingo zimesimama kama ukuta. Watu wanaishia juu, wanatazama maji, wanasikiliza mbega, wanarudi. Ukitaka kulowa, teremka Matema, Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone imeinamia maji palepale, mchanga upo. Ukibahatika Jumamosi, unakuta soko la Lyulilo, Wakisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe."

Kwa mara ya kwanza jioni ile Bahili akatabasamu. "Vyungu! Tunachukua ishirini, tunauza hapa, nauli inarudi."

"Uvipitishe kona za Kitonga ndani ya basi? Utauza vigae, mwanangu."

Bahili akafuta mstari, taratibu, kama anayefuta deni lake mwenyewe.

Ikabaki njia ya kupanda. Mama Chapati akaieleza: msitu mnene, mizizi, tope hata kiangazi, na kipande cha mwisho unashika miti kwa mikono. Macho yote yakashuka kwenye raba nyeupe za Sharobaro, soli laini kama sahani.

Fundi Viatu akainua kichwa hatimaye. "Zilete kesho nizipige soli ya tairi."

"Si bora ya ngozi?"

"Ngozi inateleza."

Bahili akalamba ncha ya kalamu. "Soli jozi moja. Anayelipa nani?"