Muulize Bi Shetri: Nduaro Jumamosi, Mbudya Jumapili

Shikamoo Bi Shetri. Nina mke, watoto watatu na hamu ya kuvua nduaro. Nataka boti ya kukokota kwa trela: Jumamosi alfajiri niishushe Kunduchi, nirambaze hadi Fungu Kizimkazi, na Jumapili niwapeleke wanangu Mbudya wakaogelee. Nimeona moja ya futi 28, mashine mbili za farasi 300 kila moja. Muuzaji anasema ni boti ya familia kwa kuwa ina viti sita na redio. Niichukue?
Mwenye Sababu Zake, Tegeta

Marahaba, baba. Umemtaja mke kabla ya nduaro, kwa hiyo bado kuna matumaini.

Kwanza tuipitishe hiyo futi 28 barabarani, maana boti ya trela hukaa uani na barabarani siku nyingi kuliko majini. Boti ya urefu huo aghalabu hupita mita 2.6 kwa upana. Jumlisha ganda, mashine mbili zenye uzito wa robo tani kila moja, petroli na trela lenyewe: unakokota tani nne na nusu au tano. Pikapu zinazosifiwa kwa ubabe zimeandikiwa kikomo cha tani tatu na nusu, tena kwa trela lenye breki zake. Wala hukuniambia una gari gani. Mtu anayeandika barua ya boti ya trela bila kutaja gari ama ana lori, ama ana shemeji.

Shuka hadi futi 22 au 23, upana usizidi mita 2.5, mashine moja ya farasi 150 hadi 200. Piga hesabu nami: ganda kilo 1,300, mashine 220, petroli lita 200 ambazo ni kilo 150, trela 500, na barafu, nanga, kamba, maji ya kunywa pamoja na zile fimbo za kuvulia ambazo mkeo hajaona risiti zake, tuseme 150. Jumla kilo 2,320. Hapo hata pikapu ya kawaida inaweza.

Najua utaniambia mashine mbili ni usalama. Zikinyonya petroli yenye maji kutoka tangi moja, zitazima kwa pamoja, na utakuwa umelipia kimya mara mbili. Weka mashine moja kubwa yenye chujio la kutenga maji, na ubavuni pake kimashine cha farasi 9.9 chenye kopo lake la mafuta. Kitakurudisha polepole, ukipata muda wa kutunga maelezo ya nyumbani.

Sasa tumbo la boti, ambalo wanunuzi hawaliinamii kwa sababu wamezubaishwa na rangi. Mwaka 1960, katika mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, bahari ilichafuka na wengi wakateseka; aliyeshinda ni Richard Bertram kwa boti iitwayo Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt. Siri yake ilikuwa tumbo la umbo la V lililoendelea na makali yake hadi shetri, mwinamo wa nyuzi kama 24. Tumbo bapa hupiga wimbi kwa kofi. Lile la V hulipasua. Tangu hapo kila muuzaji anakwambia boti yake ni V. Asichokwambia ni kwamba V kali ikisimama hulewalewa: inapotia nanga, au inapochukuliwa na mkondo huku mnavua kwa mshipi wa mkono, huinama upande huu ikaja upande ule, na kila anayeegemea ubavu mmoja huisikia ikilalia upande wake. Kwako wewe unayerambaza si neno, boti inatembea. Ila Jumapili Mbudya mmetia nanga, na mtoto ana pilau mkononi. Tafuta nyuzi 19 hadi 21 penye shetri, halafu omba kuijaribu saa tisa alasiri wakati wa kusi, pepo zikiwa zimeamka. Muuzaji akisisitiza mwende asubuhi ya kaskazi, bahari ikiwa imelala, msindikize kwa heshima hadi mlangoni.

Kuhusu Fungu Kizimkazi: ni kisiwa kidogo, bapa, hakina mti wala kivuli, na wenyeji wake ni ndege. Kwa hiyo theluthi ya mafuta ni ya kwenda pamoja na kuvua, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Hesabu isipokaa hivyo, nguru wa karibu naye ni samaki. Na ile redio aliyokusifia muuzaji ni ya taarabu. Unayoihitaji ni ya VHF, inayosikika kwenye idhaa ya 16.

Bi Shetri, mume wangu anatafuta boti na kila siku ananiambia "ni kwa ajili yenu". Nilipanda ya rafiki yake mara moja. Hapakuwa na kivuli, hapakuwa na choo, mdogo wetu alitapika njia nzima, na mimi nilikalishwa juu ya sanduku la samaki, nikawa nainuliwa kila wakipata jodari. Sasa ananiita twende tukachague pamoja. Niangalie nini?
Bi Sanduku, Tegeta

Bi Sanduku, mama yangu, Tegeta ni ndogo kuliko mnavyodhani. Mweleze mwenye sababu zake kwamba jibu lake liko hapo juu.

Anza na choo. Boti nyingi za kuvulia zina usukani katikati, na chini ya usukani huo mna kijumba ambacho muuzaji hukiita choo. Usikisikilize, kiingie. Jifungie, geuka, keti, simama. Ukikwama, hilo ni kabati la maboya. Boti isiyo na pa kujisitiri itakwenda baharini na wanaume watupu hadi itakapouzwa, na tangazo la kuiuza litasema "imetumika kidogo".

Usidanganyike na chumba cha mbele chenye godoro. Katika jua letu ni tanuri, na mtu mwenye kichefuchefu akiingizwa humo huzidiwa. Anayetapika hukaa nyuma, hapo boti inaporuka kidogo, apigwe upepo, macho ayatupe mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Fedha ya chumba iwekeni kwenye paa gumu, linalofunika hata benchi la nyuma. Na benchi liwe benchi, lenye egemeo, lisilofunguliwa kutolewa barafu.

Kisha simamisha watoto wako kwenye sitaha. Ukingo wa ubavu umfike mdogo kifuani. Ukimfikia kiunoni, huyo atakifuata chambo majini. Waite watu wazima wanne wasimame shetri kwa pamoja na utazame yale matundu ya kutolea maji: maji yakirudi ndani, boti imelemewa na mashine kabla hata hamjapakia chakula. Uliza ganda limejazwa povu gumu au la. Boston Whaler walianza kuuza boti zenye povu ndani mwaka 1958, kisha wakaikata moja vipande viwili kwa msumeno mbele ya kamera, na kila kipande kikaendelea kuelea. Boti ya mumeo si lazima iwe ya kwao, lakini swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu si "hii haizami, mama".

Ngazi ya kupandia ishushwe na aliye majini, si aliye juu. Maboya ya watoto yawe ya uzito wao, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo boya huelea na mtoto huteleza chini. Mkifika Mbudya kumbukeni ni hifadhi ya bahari: mnalipa kiingilio, na nanga haitupwi juu ya matumbawe.

Hujambo Bi Shetri. Mimi ni wa Nairobi. Nataka boti moja ya Naivasha wikendi na ya Kilifi kila Desemba. Yawezekana? Na ni kweli maji ya ziwa ni rahisi?
Wa Bara, Lang'ata

Sijambo, mgeni wetu. Yawezekana, ila Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya bahari, na mashine isiyo na tabo hupoteza huko karibu moja ya tano ya nguvu zake. Boti inayoruka vizuri Kilifi itajikokota ziwani kama imebeba mahari. Nunua panga mbili za mashine: yenye mkunjo mdogo kwa Naivasha, yenye mkunjo mkubwa kwa bahari, na usizisahau nyumbani kwa zamu. Kabla ya kuhama toa maji yote ngamani, kausha, ng'oa kila jani la gugumaji lililong'ang'ania trela. Ukirudi kutoka Kilifi, pitisha maji baridi ndani ya mashine kabla chumvi haijapata makazi.

Na hapana, ziwa lenye viboko si rahisi.

Shikamoo Bi Shetri. Nina pikapu. Shemeji yangu wa Tegeta hajanunua boti bado, ila keshanipongeza kwa "kujiunga na safari". Nijiandae vipi?
Kaka wa Mke, Mbezi

Marahaba, mwanangu. Pole, nilikutarajia tangu barua ya kwanza.

Soma kwenye kitabu cha gari lako uzito linaoruhusiwa kukokota, usisome usoni pa shemeji. Pua la trela liegemee gari kwa asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Likiwa jepesi mno trela hutikisa mkia, na Barabara ya Bagamoyo haina nafasi ya ngoma hiyo. Mkifika ufukweni msikimbilie majini. Vitovu vya magurudumu vimepata moto njiani, na vikizama ghafla hewa ya ndani hujikunyata na kuvuta maji ya chumvi hadi kwenye beringi. Ngojeni vipoe, fungueni mikanda, zibeni tundu la ngamani. Hilo la mwisho lirudie kwa sauti.

Tazama jedwali la maji. Siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na pale mliposhushia alfajiri kwa raha, saa sita baadaye pana mchanga laini wa kumeza pikapu. Kurudi nyuma na trela jifunze kwanza kwenye uwanja mtupu. Siku yenyewe wewe ushike usukani wa gari, shemeji awe ndani ya boti, na anayekuelekeza awe dada yako peke yake.

Wakikuomba uchangie na petroli ya boti, niandikie tena.