Mwene Mamba na Kilo 990

Ziwa Rukwa halina mto wa kulitoa maji. Kilichoingia hakitoki mpaka jua likichukue, ndiyo maana mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kilometa 50 hivi, na miaka kumi baadaye ukapita 120. Wazee wa Kaoze, kijiji cha kando yake, hawashangai. Anayeshangaa ni Mamba: kila maji yanapohama, hudhani amepinduliwa.

Mwaka mmoja ziwa lilirudi nyuma likaacha tope jeupe la magadi. Hakuna aliyelitaka. Zilikuja nyasi za chumvi tu, bila mkutano wala kibali, zikalishika. Mizizi ikaoza ikawa udongo, mvua ikapunguza chumvi, zikafuata nyasi ndefu. Nzige wekundu wakataga, sheshe, wale swala wa mbugani, wakashuka kula. Wa mwisho kufika alikuwa Mgunga. Alipopata kivuli cha kutosha kukalisha wageni, akajitangaza mwanzilishi wa kijiji, na nyasi za chumvi akaziita wavamizi. Waanzilishi wa aina hiyo tunawajua, hata kwetu wapo.

Mamba, Mwene (chifu) wa ziwa, akaitisha baraza la mapato.

"Nyasi zimetoa kilo 1000. Sheshe kajenga mwili wa kilo 100. Mimi nimeambulia 10. Kilo 990 ziko wapi?"

Sheshe akapiga magoti. "Mwene, nyingine zilitoka kinyesi, mchwa wakazichukua. Nyingine zimeishia kuwa joto la mwili. Zilizobaki nilizimaliza nikikukimbia wewe."

Mtaalamu wa ikolojia angemweleza Mamba kwamba kila ngazi hupitisha kwa inayofuata takriban sehemu moja tu ya kumi, na kwa hiyo piramidi ya chakula ina tako pana na kichwa chembamba. Lakini wataalamu hawakualikwa. Fungu la posho lilikuwa limekwisha.

"Huu ni wizi wa madalali!" akasema Mgunga, ambaye chakula chake hutoka juani na hakuwa na la kupoteza.

Baraza likaazimia mambo mawili. Sheshe waondolewe, ili majani yamfikie Mwene moja kwa moja. Pili, waajiriwe mamba wengine ishirini kusimamia mapato. Nyasi hazikupiga kura, kwa kuwa hazina mdomo.

Siku tatu Mwene alitafuna majani. Meno ya mamba hushika na kurarua, kusaga hayajui. Wasaidizi ishirini, walipokosa hata sheshe mmoja, wakaanza kutazamana mikia. Mwishowe walibaki wawili, wanene, wasioaminiana.

Kisha mito ya kutoka uwanda wa Ufipa ikajaa, ziwa likarudi. Mgunga alikufa wima ndani ya maji, hotuba yake ya uanzilishi ikiwa haijaisha. Maji yalipoondoka tena, zilizoota juu ya magadi zilikuwa nyasi za chumvi, na asubuhi yake tu zikaandikiwa barua ya kueleza kwa nini zimeanza kazi bila idhini.

Uchunguzi wa zile kilo 990 bado unaendelea. Msomaji, ukiziona popote, zipeleke Kaoze. Mwene anazisubiri, na amekonda.