Jinsi ya Kuogelea Bila Kuona Dunia Ikiyumba: Mwongozo kwa Viluwiluwi

Mwanangu kiluwiluwi, hongera kwa kuanguliwa. Wengine watakuhimiza ule, ujifiche na ukue. Wasikilize. Mimi nakufundisha kutazama, maana asiyeona vizuri hali vizuri wala hajifichi kwa wakati.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ukoo wa vyura wa Xenopus, hasa Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika. Binamu zake, Xenopus muelleri, wako kwenye madimbwi ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ninyi mnajulikana kwa mbali: mwili unaopitisha mwanga, kichwa chini, ncha ya mkia ikitetema bila kupumzika.

Kwanza, elewa tatizo. Mkia ukipiga kushoto na kulia, kichwa nacho kinayumba. Macho yakikifuata, picha inateleza juu ya retina na dimbwi zima linageuka ukungu. Basi kichwa kikienda kushoto, macho yaende kulia, kwa kiasi kilekile na kwa wakati uleule.

Pili, usilitegemee sikio kwa kila jambo. Ndani yake mna vijiwe vinavyokuambia umeinama upande gani, navyo huanza kazi mapema. Mna pia mifereji ya nusu duara yenye umajimaji, ambayo kazi yake ni kuhisi kichwa kikizunguka. Hiyo inachelewa. Neva zimeshaungana, misuli ya macho iko tayari, ila mifereji yenyewe ni midogo mno, na umajimaji wake hausukumi vya kutosha. Itabidi ikue kwanza. Hakuna dawa ya kuiharakisha, na wewe tayari unaogelea.

Tatu, na hapa naomba utulie unisikilize: usisubiri kuhisi mwendo. Wewe ndiye unayeutoa! Uti wako wa mgongo unapoiamuru misuli ya mkia, upeleke nakala ya amri hiyo kwenye shina la ubongo, hadi kwa neva za macho. Macho yatajua mkia unakwenda wapi bila kuuliza sikio. Mwaka 2008 Denis Combes na wenzake walionyesha jambo hili kwa ubongo na uti wa mgongo wa kiluwiluwi vilivyotolewa mwilini. Hakuna kichwa kilichoyumba, hakuna maji yaliyopita, lakini uti ulipoanza mdundo wa kuogelea, neva za macho ziliufuata. Kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kuonekana katika maabara. Baadaye, mwaka 2012, ikaonekana kwamba hata mifereji ikishakua, wakati wa kuogelea nakala hiyo huzima taarifa za ile ya mlalo, ili wasemaji wawili wasigongane.

Nne, jiandae kuanza upya. Miguu itaota, mkia utayeyuka, macho yatahama kutoka ubavuni kuelekea juu na mbele. Kwa muda utakuwa na mkia na miguu pamoja, kila kimoja na mdundo wake, nawe utaendelea kuogelea hivyohivyo, kama daladala inayobadilishiwa injini huku abiria wamo. Ukishakuwa chura, miguu miwili ya nyuma itapiga teke kwa pamoja na mwili utaruka mbele moja kwa moja. Kupeleka macho yote mawili upande mmoja hakutafaa tena. Kila teke, yaelekeze yote mawili ndani, kuelekea pua. Amri sasa inatoka kwenye mitambo ya miguu, lakini njia ni ileile: nakala kutoka mgongoni.

Wala usidhani ni ujuzi wa majini tu. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba panya naye, akitembea, mdundo wa miguu yake huyasukuma macho kwa namna hiyohiyo.