Yaya wa Kioo

Hongera, jirani. Mwanao ana miaka miwili na tayari anajua kuruka matangazo kwa kidole gumba. Juzi ulipomletea kitabu cha picha, alitelezesha kidole juu ya tembo, akasubiri tembo aondoke. Tembo hakuondoka. Mtoto akaangua kilio: kitabu kibovu!

Ukamrudishia simu, maana yaya huyu wa kioo hana makuu. Haombi mshahara, haendi kwao Sikukuu, hasengenyi jikoni. Anadai chaji na bando tu.

Sisi washamba tulilelewa na udongo. Tulipika ugali wa mchanga kwenye kifuu, tukampakulia "baba" aliyetoka "kazini" nyuma ya mwembe. Tuliunda gari la waya, magurudumu ya kandambili zilizochakaa; likikataa kona, tulilifumua tukaanza upya. Kwenye mdako, jicho lilifuata jiwe hewani huku mkono ukizoa chini, na ukikosea ulimpisha mwenzio. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ilikuwa hesabu, uhandisi na adabu ya kungoja zamu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Bila shaka hawajamwona wako anavyotulia.

Ametulia kweli. Hata kifuu hutulia, mpaka mtoto akishike.