Gesi Imetangulia Dar

Ukipanda jahazi Kilwa Kivinje kwenda Dar es Salaam wakati wa kusi, usiulize mtafika lini. Nahodha atakujibu “Mungu akipenda”, na ratiba nzima imo humo. Kazi zimeshagawanywa: kijana mdogo kuliko wote anafua maji ngamani kwa dumu la mafuta lililokatwa ubavu, msomi amekaa juu ya magunia ya ufuta, anamwelekeza. Majaketi ya kujiokolea yapo, ondoa shaka. Yamelazwa chini kabisa ya shehena, nailoni zake hazijachanwa, yasije yakalowa.

Jioni Songo Songo inaonekana upande wa kulia. Mpishi ameinamia sanduku la mchanga, anapuliza mkaa mbichi, macho mekundu, wali haujatokota. Chini ya maji hayohayo, tangu 2004, gesi ya kisiwa kile inapita bombani hadi Somanga, kisha inashika nchi kavu kwenda Dar kuzalisha umeme. Haingoji upepo wala haipandishi tanga. Mpishi akielezwa hayo anakohoa, anafuta machozi, anauliza kama njiani kote huko wameacha japo koki moja.