Barua ya Ajira

Jirani yetu mhandisi hapa Kasulu ametuma wasifu wake Uingereza mara nyingi mno, hata kijana wa steshenari anaujua kwa moyo, pamoja na kosa la herufi ukurasa wa pili. Majibu yakija ni ya shukrani. Wanashukuru sana watu wale. Mwajiri asiye na leseni ya kuleta wageni hamtazami, na mwenye leseni lazima amlipe vizuri: Aprili 2024 kima cha chini cha kawaida cha mshahara wa mgeni kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, Julai 2025 kikafika 41,700. Kila akipata upembo, mwembe unarefuka.

Jioni kijiweni tunamfariji kwa kuwalaani. Ubaguzi huo!

Juzi mzee wa kahawa akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya tangawizi: “Eti wanangu, na walimu na mafundi wa Kikongo walioko kambini Nyarugusu, humu humu wilayani tangu 1996, sisi tumewaandikia barua ngapi?”

Kimya. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kazi nayo ina kibali chake. Hata kwa mgeni mwenye pasipoti safi, sheria yetu ya 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwanza kuwa Mtanzania wa kazi hiyo ametafutwa akakosekana.

Mhandisi akakohoa. Hiyo ni tofauti, akasema, sisi tunalinda ajira za wazawa. Tukakubali kwa kauli moja, tukaagiza kahawa nyingine, tukarudi kuwasema Waingereza.