Sijamnunua Shemeji Yenu

Winnipeg, Manitoba

Kaka,

Kabla ya yote naomba uende mnadani ukawaambie wale wazee wanaokaa chini ya mkwaju kwamba sijamnunua shemeji yako. Habari hiyo imenifikia huku Kanada kwa midomo tofauti, na kila mdomo ulikuja na bei yake. Mmoja kasikia kwamba nimelipa mahari kinyumenyume, kwamba wale ng'ombe tuliopokea kwao nimewarudisha kwa dola. Mwingine kasikia kwamba huku mwanamke ndiye anayeoa, na kwamba shemeji yako anakuja kuolewa, atafunikwa kanga na kufundwa. Hakuna cha kanga wala kufundwa. Kilichopo ni makaratasi. Nakueleza taratibu ili uwasomee wote hapo Somanda, na wifi awepo tangu mwanzo, maana akisikia nusu atatangaza nusu.

Mimi ni mkazi wa kudumu wa Kanada, na sheria ya hapa inaniruhusu kumdhamini mume wangu apewe naye ukazi wa kudumu. Kwa mume au mke, kwa kawaida hawaulizi mshahara wako unafika wapi. Wanachotaka ni kwamba usiwe unaishi kwa posho ya serikali kwa wasiojiweza, ukiacha ile ya walemavu. Hapo tumshukuru Mungu. Wenzetu walioko Uingereza, tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenzi wake lazima aoneshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kule mapenzi yana kima cha chini.

Huku wanataka ahadi. Nimeweka saini kwamba kwa miaka mitatu, kuanzia siku atakayopata huo ukazi, chakula cha shemeji yako, mavazi yake na malazi yake ni juu yangu. Usidhani imeishia hapo. Karatasi inataja meno na macho pia. Kwa hiyo mwambie leo hii aache kufungua soda kwa meno pale stendi akiwachekesha wenzake. Jino la mbele la shemeji yako sasa lina mdhamini, na mdhamini mwenyewe anafanya kazi zamu ya usiku.

Ahadi yenyewe haitanguki. Tukigombana, ipo. Tukiachana mbele ya hakimu, ipo. Nikifukuzwa kazi, ipo. Akienda kuomba posho ya serikali watampa, halafu mimi ndiye nitakayedaiwa mpaka senti ya mwisho. Nilipomsomea mama mkwe kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama fomu hiyo inapatikana na bomani, akamchukulie baba mkwe aijaze.

Na wale wanaosema shemeji atanikimbia akishuka tu uwanja wa ndege, waambie serikali ilishawaza hilo kabla yao. Aliyeingia kwa udhamini wa mwenzi wake haruhusiwi kumdhamini mwenzi mwingine mpaka ipite miaka mitano. Akimbie basi, huku baridi inafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, na ajue kwamba miaka mitano atasonga ugali mwenyewe.

Kuhusu fedha. Nilipolipa mwaka 2025, ada zote pamoja zilikuwa dola 1,205 za Kanada, na za alama za vidole dola 85 juu yake. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni mbili. Wewe unayejua bei za mnadani utajua ni ng'ombe wangapi. Bariadi yetu imeipa nchi watu wawili mashuhuri kwa habari za fedha: mzee John Cheyo, Bwana Mapesa, aliyegombea urais akiahidi kutujaza mapesa, na mzee Andrew Chenge, ambaye mwaka 2008 alilifanya neno vijisenti lijulikane nchi nzima. Mimi nimetoka hukohuko walikotoka. Nikifungua akaunti yangu naona mapesa hayajafika bado, na vijisenti vimekwisha.

Baba mdogo naye (mfikishie shikamoo yake) alipiga simu kuuliza: siku moja mwanawe yeyote akija huku na kumwalika, je, atakuja na mama zetu wote watatu? Nikamweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtambua yeye na wake zake wote, lakini Kanada inahesabu mke mmoja. Nikamwambia itabidi achague. Akasema simu ina mikwaruzo, akakata. Mpaka leo hajapiga tena, na mama zetu wadogo wananisalimia kwa upendo ambao haukuwepo zamani.

Na wewe kaka, utakumbuka ulivyoninunia nilipokataa ndoa ifungwe mimi nikiwa huku, wewe ukisimama mahali pangu kanisani na mimi nikiitikia kwa simu. Ulisema tutaokoa nauli. Tungeokoa nauli na kupoteza mume. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali udhamini wa ndoa ambayo bwana harusi au bibi harusi hakuwepo mwenyewe. Ndiyo maana nilikopa, nikapanda ndege, nikaja kusimama kwa miguu yangu.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana huko ndiko nilikozeekea.

Kwetu ndoa inashuhudiwa na watu. Nzengo nzima ilikula. Wachezaji ngoma wa Bagika na Bagalu walishindana vumbini mpaka jua likazama, na hata mtoto wa shule aliyekuwepo anaweza kukutajia rangi ya kila ng'ombe aliyeingia zizini. Nani Bariadi atabisha kwamba mimi ni mke wa mtu? Lakini ofisa wa uhamiaji hatukumwalika. Yeye anataka cheti cha ndoa, na hicho tunacho. Baada ya cheti anataka picha zetu, zisizidi 20. Anataka mazungumzo yetu ya simu yaliyochapishwa, yasizidi kurasa 10. Anataka fomu inayouliza tulikutana wapi, nani alitukutanisha, ndugu gani walikuwepo siku ya ndoa. Anachotafuta ni kama tumeoana kwa kupendana au kwa kutafuta makaratasi, na sina ugomvi naye, maana wapo waliomdanganya.

Ila picha, kaka! Nimezipitia zote. Ng'ombe wametoka vizuri. Baba mdogo ametoka vizuri sana, akiwahesabu kwa fimbo. Mimi na shemeji yako tumo kwenye picha nyingi, na kila moja katikati yetu yuko mtu: shangazi, mchungaji, mtoto wa jirani ameshika paja la kuku. Ile moja tuliyokaa wawili peke yetu, wote tumenuna kama tumeitwa na sungusungu kutoa maelezo. Mama ndiye aliyenikataza kucheka. Alisema bibi harusi akicheka watu watasema alikuwa na haraka. Sasa ofisa wa Kanada anatazama picha hiyo na kujiuliza huyu binti amelazimishwa na nani.

Kwa hiyo nilipokuja likizo tulikwenda Lamadi kutengeneza mapenzi yanayoonekana. Ziwa nyuma yetu, sisi mbele. Mpiga picha akasema tusogeleane. Shemeji yako akasogea. Akaambiwa zaidi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kuhakikisha hakuna muumini wa kanisani kwetu, ndipo akaniwekea mkono begani. Wachuuzi wa dagaa waliacha biashara kutuangalia, na mmoja akamtia moyo kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu wewe ni kaka yangu. Picha hiyo ndiyo ya kwanza kwenye faili. Naomba isibandikwe sebuleni kwa mama.

Mazungumzo ya WhatsApp yalikuwa mtihani mwingine. Nikitoka zamu saa moja asubuhi, kipindi cha baridi, Bariadi ni saa kumi jioni, na hapo ndipo tunapochati. Nilichapisha miezi mingi nikitafuta mahaba. Nilichopata ni hiki: "Umekula?" "Nimekula." "Mvua imenyesha?" "Bado." "Luku imeisha." "Nimetuma." "Imefika." "Sawa." Dada mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi, ambaye alishamleta wa kwake, alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili, akaniuliza kama huyu ni mume au ni mlinzi wa nyumba yangu. Nikaudhika. Mtu anayekuuliza kila siku ya Mungu kama umekula, kutoka mahali ambapo kwake mwenyewe mvua haijanyesha, anataka aseme nini kingine?

Kosa ni kwamba nilimwambia shemeji yako ofisa atasoma. Tangu siku hiyo haandiki tena kwangu, anamwandikia ofisa. Nauliza kama amelipa mtu wa palizi, anajibu: "Mke wangu mpenzi wa ndoa halali iliyosajiliwa, mimi mumeo ninakupenda na ninakukumbuka, na palizi nimelipa." Wiki ile ya Pasaka alifunga ujumbe kwa kusema, "Nakutakia kazi njema wewe pamoja na mheshimiwa anayetusomea." Nimepeleka zile kurasa za zamani, za luku na mvua. Hizi mpya zinanuka uongo kuliko uongo wenyewe, ingawa kila neno ni la kweli.

Barua za ndugu ndizo zilizobaki. Niliomba watu wachache waandike kwamba wanatufahamu kama mume na mke. Mama mkwe alisema yake, binti wa jirani akamwandikia, fupi na nzuri. Baba mdogo akaandika kurasa tatu. Mstari mmoja unasema mimi ni mtoto wa marehemu kaka yake. Zilizobaki zote ni ng'ombe: aliyeingia lini, rangi gani, nani alimswaga, yupi alizaa. Mwisho kabisa akaandika kwamba mtamba mmoja bado anadaiwa na kwamba ukoo haujasahau.

Fikiria ofisa anasoma hapo. Ndoa haijaisha kulipiwa! Nikampigia baba mdogo, nikamwomba kwa heshima zote autoe mstari wa mtamba. Akasema mstari utatoka siku mtamba atakapoingia. Nikabembeleza, nikapitia kwa mama zetu wadogo, haikusaidia kitu. Ikabidi shemeji yako auze mizani yake ya pili ya kununulia choroko na dengu, aongezee, mtamba akaswagwa mpaka kwa baba mdogo, na baba mdogo akatoa stakabadhi yenye tarehe, saini na dole gumba kwa usalama zaidi. Kwa kuwa kila karatasi ya Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, nimelipia kutafsiriwa kurasa tatu za ng'ombe na stakabadhi ya mtamba. Kwa maoni yangu ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote kwenye faili. Mtu anayetafuta viza ya ujanja hawezi kulipa deni la mtamba.

Mengine nayapita haraka. Cheti cha polisi kimepatikana Dar es Salaam, alama za vidole zimechukuliwa hukohuko, na daktari anayetambuliwa na Kanada amempima damu, mkojo na kifua. Yale maneno kwamba walimpiga picha ya kifua kuona kama moyoni kuna mwanamke mwingine si ya kweli. Walikuwa wanatafuta kifua kikuu. Kilichotusumbua ni jina lake la ukoo. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeanza na Ng' yenye alama yake, kwenye cha shule alama imeanguka, na kwenye cha ubatizo wameandika kama alivyosikia padri. Kiapo kwa wakili kimewaunganisha wote watatu kuwa mtu mmoja.

Na yule kijana wa Mwanza anayesema ana mtu wake ubalozini, apewe chai aondoke. Asipewe shilingi. Pia msinitanie tena kuhusu uchawi wa Gamboshi. Kama Gamboshi ingekuwa na uwezo huo mnaousema, shemeji yako angekuwa hapa tangu mwaka jana, kwa ungo, bila ada ya alama za vidole. Faili limeingia. Kipimo ambacho serikali imejiwekea ni miezi kumi na miwili, na ofisa haharakishwi kwa simu za ndugu.

Sasa ombi lenyewe, kaka, ambalo ndilo limenifanya niandike barua badala ya kutuma sauti. Nasikia shemeji yako ameanza kutembea kama msafiri. Ameulizia bei ya pikipiki yake, na kuna mtu amekuja kulitazama shamba la Dutwa. Mkalishe chini, wewe ni mkubwa wake. Mwambie viza haijatoka, na kuna watu waliouza mpaka vitanda wakajikuta wanalala chini mwaka mzima. Pikipiki isiuzwe. Shamba lisipimwe. Mbegu za pamba zichukuliwe mapema kwenye chama cha ushirika (AMCOS), na mvua za Novemba zikianza awe shambani pamoja na watu wengine. Viza ikitoka pamba ikiwa bado shambani, wewe na wifi mtavuna, mtauza na mtagawana. Nimesema mbele ya wote wanaosikiliza.



Mdogo wako